Kagera 1978: Amin alihamisha mpaka redioni, mpaka ukagoma kuhama

Tarehe 1 Novemba 1978 Redio Uganda ilitangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda, basi, imeisha hiyo, na ikatamba kabisa kwamba jeshi la Idi Amin limeiteka kwa dakika 25 tu, eti rekodi ya dunia. Eneo lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,800. Lina vijiji, migomba, ng'ombe, msitu wa Minziro na shamba la miwa lenye kiwanda chake cha sukari. Mpaka mpya kwa mujibu wa Amin ni mto.

Vita vyenyewe wengi tunavijua, tumesimuliwa na wajomba, tumesikia hotuba ya Mwalimu ikirudiwa kila mwaka, tunajua zile roketi za BM zilivyokuwa zinalia mpaka Waganda wakazipa jina la saba saba. Sasa mimi hapa nataka nikifuate kitu kimoja tu ambacho kwenye hizo simulizi huwa kinapita haraka, nacho ni ule mpaka wenyewe. Maana ukiangalia kisa hiki kwa jicho la sheria za kimataifa, zile zinazosema nchi haiwezi kuongeza ardhi kwa mtutu wa bunduki, Kagera ni kesi tamu kuliko nyingi zinazotajwa vitabuni, na sehemu tamu zaidi iko mwishoni mwa vita, wakati watu wengi wameshaacha kusikiliza.

Tuanze na mstari. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walisaini mkataba Berlin wakagawana vitu kibao kwa mkupuo, Heligoland huku, Zanzibar kule, na magharibi ya ziwa Victoria wakakubaliana mpaka ufuate latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Mstari mnyoofu kabisa, wa rula. Shida ni kwamba mto Kagera hausomi latitudo. Unatoka upande wa Rwanda unapanda kaskazini, unageuka mashariki, halafu unashuka chini unapita Kyaka ndani ya Tanzania, kisha unapinda tena kuelekea kaskazini na kumwaga maji ziwani upande wa Uganda. Kwa hiyo kati ya ule mstari wa rula na mto kinabaki kipande cha Tanzania kilichokaa ng'ambo ya mto, na barabara kuu ya kukifikia ukitokea Bukoba inapita daraja la Kyaka. Ukilikata daraja la Kyaka umekikata kipande chote.

Amin alikuwa anakitamani tangu mapema. Alimpindua rais Obote tarehe 25 Januari 1971, Nyerere akakataa kumtambua na akampa Obote hifadhi Dar, na mwaka huohuo risasi zikaanza kurushwa pale Mutukula, mpakani. Hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa asili na ule mstari ni mchezo wa wazungu. Na hapa niseme kitu ambacho Watanzania wenzangu huwa hatupendi kusikia: ukiiondoa kwenye mdomo wa Amin, hoja hiyo si ya kipuuzi. Mto unaonekana kwa macho, latitudo haionekani. Watu wa pande zote mbili wanaoana, lugha zao ni ndugu, Mhaya na Mnyambo wakimsikiliza Mganda au Mnyankole anaongea kuna maneno mengi hawahitaji mkalimani. Ofisa wa Berlin hakuwahi kukanyaga pale.

Sasa ndiyo maana kanuni yenyewe ikawekwa. Hakuna mpaka Afrika ambao huwezi kuuletea hoja nzuri ya kuusogeza. Mto huu, kabila lile, ufalme fulani wa zamani, mkoa ambao mkoloni aliuhamisha kutoka koloni moja kwenda lingine. Ukifungua mlango kwa hoja nzuri moja umefungua kwa zote, na kila rais mwenye jeshi ana hoja nzuri. Viongozi walikutana Cairo Julai 1964, mwaka mmoja baada ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) kuundwa, wakapitisha azimio kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. Mleta azimio alikuwa nani? Mwalimu Nyerere. Somalia na Morocco wakaligomea kwa sababu wote wawili walikuwa na ramani zao kichwani. Baadaye sana, 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilipoamua kesi ya Burkina Faso na Mali ikasema wazi kwamba kukubali mipaka ya mkoloni ilikuwa njia ya kuzuia ndugu kuuana, na hawa wawili walikuwa wametoka kupigana Desemba 1985, yaani somo lilikuwa bado la moto.

Kwa hiyo mwaka 1978 Amin hakugusa tu ardhi ya jirani, aligusa kanuni, na akaigusa kwa mtu yuleyule aliyeiandika. Huo nao ni uteuzi wa adui.

Ila haikuwa mara yake ya kwanza kujaribu. Februari 1976 aliibuka na madai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, akachora mpaka ukakaribia Nairobi, na kipande cha Sudan nacho akakitaja. Hata hilo lilikuwa na chembe ya historia, kwa sababu Waingereza mwaka 1902 walihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukaingizwa upande wa pili, uliokuja kuwa Kenya. Wakenya wakaandamana, Mzee Kenyatta akasema hata inchi haitoki, na kwa kuwa bidhaa za Uganda zinapita Mombasa, Amin akapoa haraka akasema alikuwa anaeleza historia tu. Jaribio hilo lilimfundisha kwamba kudai ni bure. Ukidai ukakataliwa unasema ulikuwa unatania. Na kumbuka mwaka 1975-76 alikuwa yeye ndiye mwenyekiti wa OAU, kikao kilifanyika Kampala Julai 1975, Nyerere hakwenda.

Halafu kuna Ogaden. Julai 1977 Somalia iliingia Ethiopia kwa jeshi kamili, ikateka karibu jimbo lote, hoja yake ikiwa ni Wasomali wanaoishi kule. Wasovieti wakabadili upande, Wacuba wakaja, na Machi 1978 Siad Barre akatoa jeshi lake. Kutoka hapo hadi Kagera ni miezi saba. Amin aliona mwenzake anachukua ardhi kwa nguvu na anaitapika, bado akajaribu. Kwa nini?

Jibu ninaloliamini mimi ni kwamba ardhi haikuwa shida yake. Shida ilikuwa kambini. Makamu wake Mustafa Adrisi alipata ajali ya gari Aprili 1978, ajali ambayo wafuasi wake hawakuamini ni ajali, jeshi likagawanyika, Oktoba kukawa na vurugu na uasi kwenye vikosi kadhaa kikiwemo kikosi cha Simba cha Mbarara, na mapigano ya wenyewe kwa wenyewe yakasukumwa mpaka mpakani. Kuna simulizi nyingi za nani alivuka kwanza na kwa amri ya nani, wanahistoria bado wanavutana, ila mwisho wa Oktoba hayakuwa tena maneno ya askari watoro. Ndege za Uganda zilishapiga Bukoba, shambulio la kwanza kubwa tarehe 25 Oktoba likarudishwa kwa mizinga, tarehe 30 wakaja maelfu na vifaru na eneo lote likawa lao. Huku Tanzania ilikuwa na askari wachache sana pale, nguvu kubwa ya jeshi haikuwa magharibi kabisa.

Kilichofuata kwa wananchi sitakiremba. Watu kama 1,500 waliuawa, maelfu kwa maelfu wakakimbia kusini ya mto na wengine hawakuvuka, ng'ombe wakaswagwa kuelekea Uganda, kiwanda cha sukari kikafunguliwa bolti kwa bolti kikapakiwa, nyumba zikavuliwa mabati. Tarehe 3 Novemba wakalilipua daraja la Kyaka. Hili la daraja mimi nalihesabu kama ushahidi kuliko hata tangazo la redio, kwa sababu mtu anayefanya uvamizi wa kulipiza kisasi anapiga anarudi, lakini mtu anayekata daraja nyuma ya ardhi aliyoiteka anakuambia anataka kukaa. Ingawa kuna kitu hakikai sawa: ukiamini kweli ardhi ni yako na watu wake sasa ni raia wako, unawaibia mabati ya nini? Anayeteka ili atawale hupeleka mkuu wa wilaya. Amin alipeleka malori.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia taifa, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo. Kila mtu anaikumbuka kwa sauti yake, ila ukiisikiliza upya utaona kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa uwezekano wa mazungumzo juu ya ardhi. Hakukuwa na kipengele cha tukae tuangalie ramani. Kwake ardhi haikuwa na swali, swali lilikuwa namna ya kumtoa mtu. Amin upande wake akajibu kwa vituko, akapendekeza yeye na Nyerere wamalizane kwenye ulingo wa ngumi na Muhammad Ali awe refa. Watu walicheka dunia nzima, na mimi nadhani alitaka wacheke, kicheko kinafanya uvamizi uonekane ni ugomvi wa wazee wawili wasiopendana.

Na OAU ikauchukulia hivyohivyo! Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Nimeiry wa Sudan, katibu mkuu Edem Kodjo, na badala ya kusema kwamba Uganda imevamia na imetangaza kuchukua ardhi ya mwanachama mwenzake, kinyume na azimio la Cairo, wakaanza usuluhishi wa kawaida, pande zote mbili zisimamishe mapigano, pande zote mbili zijizuie. Pande zote mbili! Tanzania ikasema kwanza laanini uvamizi, Amin atamke kwamba hana dai lolote kwenye ardhi ya Tanzania, alipe fidia, na ahakikishe hatarudia. OAU haikuweza hata hilo la kwanza ambalo ni la bure. Nchi za mstari wa mbele zilielewa, Msumbiji ya Samora Machel ikaleta hadi kikosi, lakini umoja wenyewe kama umoja uliufyata.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haikuwepo, ilivunjika 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huohuo. Hapakuwa na baraza la jirani la kupeleka mashtaka.

Sasa mtu atasema basi kanuni ilikuwa karatasi tu. Mimi sikubaliani, na sababu ni kitu kinachotokea kati ya tarehe 1 na tarehe 14 Novemba. Lile tangazo halikupata serikali ya kulitambua rasmi. Hata marafiki wa Amin waliomsaidia baadaye kwa silaha na watu walimsaidia kama rais anayevamiwa, sio kama mwenye Kagera. Na katikati ya Novemba, wiki mbili tu baada ya kutamba kwa dakika 25, Amin mwenyewe akatangaza kwamba anaondoa majeshi yake. Najua kabisa kwamba mizinga iliyokuwa inapangwa kusini ya mto ilimsaidia kufikiri. Lakini angalia alichoomba akitoka: aliomba OAU imhakikishie kwamba Tanzania haitamshambulia wala kuwasaidia wapinzani wake walioko uhamishoni. Hakuomba abaki na hata kijiji kimoja. Dai la ardhi lilikufa kwenye wiki mbili na aliyelizika ni yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna mahali duniani angeweza kulipeleka likapokewa.

Nyerere akakataa masharti. Mwizi kaingia kwako kabeba, akiwa mlangoni na mzigo anadai mjumbe wa nyumba kumi amhakikishie kwamba hutamfuata. JWTZ (jeshi la Tanzania) wakavusha watu na vifaa pale Kyaka, daraja la muda likafungwa, na kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 kipande chote kilikuwa safi, isipokuwa mabomu ya kutegwa na makaburi.

Kama kisa kingeishia hapa kingekuwa rahisi. Mvamizi kaja, katolewa, mpaka uko palepale, kwaheri. Lakini tarehe 21 Januari JWTZ wakavuka mstari wa rula wakaichukua Mutukula ya Uganda, na hapo ndipo sheria inaanza kuumiza kichwa.

Sababu ya Mutukula ilikuwa ya kijeshi, pale ni juu, ukiweka mizinga pale unaipiga Tanzania bila shida, na Uganda ilikuwa imefanya hivyo. Inaeleweka. Kilichofanyika baada ya kuiteka hakieleweki vizuri hivyo, mji ulisawazishwa kwa matingatinga na kuna raia waliouawa kwa kisasi cha Kagera, na taarifa zilipomfikia Mwalimu akaagiza makamanda kwamba raia waachwe na mali zao ziachwe. Tunapenda kuiruka hii sehemu. Isirukwe.

Kisha Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari. Mpango wa mwanzo ulikuwa JWTZ waishie hapo, Waganda waliokuwa uhamishoni wamalizie wenyewe, na Nyerere alikuwa na maelezo yake kwamba kuna vita viwili, kimoja cha Tanzania kumtoa mvamizi, cha pili cha Waganda kumtoa dikteta, vimekutana barabara moja. Maelezo mazuri kwenye jukwaa. Kwenye uwanja nguvu ya wale Waganda ilikuwa ndogo, Gaddafi akaleta Walibya, Machi wakapambana Lukaya, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa anajifanya kwamba hii si safari ya Tanzania kwenda Kampala. Waganda wenyewe wakakutanishwa Moshi mwishoni mwa Machi wakaunda umoja wao chini ya Yusuf Lule ili kuwe na serikali ya kukabidhiwa. Entebbe ikaanguka tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11, na tarehe 3 Juni wapiganaji wakafika mpaka wa Sudan kule West Nile. Wakati huo nchi nzima ya Uganda, kuanzia latitudo ya digrii 1 mpaka Sudan, ilikuwa chini ya vikosi vya nchi jirani na washirika wake.

Hapa watu huchanganya mambo mawili na ugomvi wa mtandaoni huwa hauishi kwa sababu hiyo. Kuna kanuni inayokataza kubadili mpaka kwa nguvu, na kuna kanuni inayokataza kubadili serikali ya mwenzako kwa nguvu. Zinafanana, zimo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa kifungu cha 2(4) zimebanana kama abiria wa siti moja, lakini haziendi sehemu moja. Amin alivunja ya kwanza. Tanzania, ukinibana niseme ukweli, iliinyoosha ya pili mpaka ikakaribia kukatika. Haki ya kujihami ipo, kifungu cha 51, lakini ukiwa umeshamtoa mtu kwenye ardhi yako, kumfuata mpaka ikulu yake, kumtoa, na kukaa nchini kwake miaka miwili, hapo kujihami kunahitaji wakili mzuri. Mimi binafsi naona Tanzania ilikuwa sahihi kumwondoa, Amin aliyebaki madarakani angerudi, na Waganda waliokuwa wanauawa kila siku nao ni watu. Ila kusema ilikuwa sahihi na kusema ilikuwa halali kisheria ni kauli mbili, na mtu makini hazimezi kwa pamoja.

Linganisha na Vietnam, maana ilikuwa miezi ileile. Desemba 1978 Vietnam iliingia Kambodia, tarehe 7 Januari 1979 ikamwangusha Pol Pot aliyeua watu wengi kuliko Amin, na dunia ikaipa adhabu, kiti cha Kambodia Umoja wa Mataifa kikabaki kwa watu wa Pol Pot kwa miaka. Tanzania haikupata hata robo ya hilo, serikali ya Lule ikatambuliwa haraka tu. Sehemu ya sababu ni siasa ya Vita Baridi, China na Marekani walikuwa na hasira na Vietnam, Amin hakuwa na mkubwa wa kumlilia zaidi ya Gaddafi. Lakini nadhani na hii imo: Amin ndiye aliyeanza kutangaza mpaka mpya hewani, na baada ya hapo ilikuwa ngumu kwa mtu yeyote kusimama kumtetea kwa jina la kuheshimu mipaka.

Sasa ile sehemu tamu niliyoahidi. Juni 1979 Tanzania inashika Uganda yote. Imetumia pesa ambazo makadirio yanafika dola milioni 500, jeshi limepanuliwa na mgambo mpaka likawa mara kadhaa ya lilivyokuwa, uchumi umechanika, Mwalimu amewaambia wananchi wafunge mkanda miezi 18 na kila aliyekuwepo anakuambia ile miezi 18 haijawahi kuisha. OAU haijachangia senti. Ina kisingizio cha kutosha cha kusema sawa, ile Mutukula ya juu tunabaki nayo kwa usalama wetu, mlima tu, kilomita chache. Nchi ngapi zimechukua milima kwa maelezo hayohayo? Israel iliingia Golan 1967 kwa hoja ya mlima unaopiga vijiji vyake na haijashuka. Au ingeweza kudai mdomo wa mto Kagera. Au ukanda wa kilomita 10 usio na jeshi. Au fidia ya ardhi badala ya pesa, kwa kuwa pesa Uganda haikuwa nayo.

Haikuchukua hata jiwe. Mstari wa rula wa Berlin ulirudi ulivyokuwa, Mutukula ikarudi Uganda, na kwenye orodha yote ya malalamiko ambayo Waganda wanayo juu ya kipindi kile, na wanayo mengi, la ardhi halimo. Wanalalamika kwamba Lule aliondolewa Juni 1979 baada ya siku 68 huku kivuli cha Dar kikiwa kimewafunika, kwamba Binaisa naye akaondolewa, kwamba uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote ulifanyika askari wa Tanzania wakiwa bado nchini, na kwamba kutoka hapo wakaingia vita vingine vibaya. Yote hayo ni haki yao kuyasema. Tanzania ilivuruga siasa za Uganda kwa kuzitia mkono, lakini ramani ya Uganda haikuiandika upya.

Kwa mimi huu ndio ushahidi mkubwa kabisa wa kanuni kwenye kisa chote. Mshindwa akirudisha ardhi unaweza kusema alishindwa. Mshindi akirudisha, tena akiwa na hasira na deni, lazima kuna kitu kichwani kinachomwambia kwamba hii haiwezekani. Nyerere alikuwa na hicho kitu tangu Cairo, na asingeweza kukiuka bila kujipiga kofi mwenyewe. Wengine watasema alikuwa mnafiki kwenye mipaka, mbona Aprili 1968 aliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, wa kwanza Afrika nzima? Hoja ya haki. Ila Biafra walikuwa watu wanaojitoa wenyewe baada ya mauaji, hakuna jirani aliyekuwa anajiongezea mkoa. Unaweza kukataa uamuzi ule na bado ukaona tofauti.

Julai 1979 marais wakakutana Monrovia. Nimeiry akalaumu Tanzania kwa kuingia Uganda, Obasanjo wa Nigeria naye akalaumu. Tanzania ikaja na kijitabu cha maelezo, na Binaisa, rais mpya wa Uganda, akasimama akatetea waliomwingiza madarakani, ungetegemea aseme nini. Walaumu hawakukosea kila kitu, hofu yao ilikuwa kwamba leo Tanzania kesho nani, na kila mmoja ana mpinzani kwenye mji mkuu wa jirani. Kilichonishangaza kwenye mjadala ule ni kwamba ndimi zilizokuwa nzito Novemba, ardhi ya mwanachama ilipotangazwa kuwa ya mwingine, zikawa nyepesi Julai kiti cha mwenzao kilipoanguka. Kwa kikao kile kiti kilikuwa kitakatifu kuliko mpaka.

Mbinu nazo zimebadilika. Ukiangalia mashariki ya Congo, Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Baraza la Usalama likapitisha azimio 2773 mwezi uliofuata likiitaka Rwanda kwa jina iondoe jeshi lake, na bado hakuna redio ya Kigali inayotangaza mpaka mpya. Imekuwa ikikanusha hata kuwepo. Kuna anayeona hiyo ni hafadhali kuliko Amin na kuna anayeona ni mbaya zaidi kwa sababu huwezi kumtoa mtu anayesema hayupo. Mimi niko upande wa pili, ila nakubali kwamba kukanusha kwenyewe kunaonyesha kwamba kutangaza kumekuwa aibu.

Na kabla Mtanzania hujavimba kichwa, uufungue tena ule mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Ndani ya karatasi hiyohiyo inayotupa Kagera, mpaka wa ziwa Nyasa umepita ufukweni upande wetu, na Malawi inasema kwa msingi huo, pamoja na azimio la Cairo, ziwa lote la upande huo ni lake. Sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji, na tulianza kuwaandikia Malawi hivyo mwaka 1967. Maana yake Kagera tunasema rula ya mkoloni iheshimiwe, Nyasa tunasema rula ya mkoloni haikuwatendea haki watu wa Kyela, Ludewa na Nyasa (zamani Mbinga) wanaovua kwenye maji hayo tangu babu zao. Hoja yetu ya Nyasa ni nzuri. Na ya Amin ya mto, nilishasema juu, kama hoja haikuwa mbaya. Mwaka 2012 mambo yalipochacha kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, kuna watu mtandaoni walianza kuandika sababu, nia na uwezo dhidi ya Malawi, na nadhani hawakujua wanamnukuu Mwalimu kwa kazi ya Amin. Serikali ikaenda kwa Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, na jopo lake la marais wastaafu wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika). Wamekaa vikao, hawajamaliza, na hakuna kikosi kilichovuka kwenda kupima katikati ya ziwa.